Vijana wa Tanga Wapewe Uwanja wa Kurushia Helikopta Ndogo

Aghalabu mtu mzima akimwona kijana ameshika rimoti, na mbele yake helikopta ndogo yenye urefu wa dhiraa moja ikitetemeka juu ya nyasi, husema moyoni kwamba huo ni mchezo wa watoto wa matajiri, na kwamba fedha zilizonunulia chombo kile zingalifaa zaidi kama zingalinunua vitabu. Mimi naona kinyume chake. Katika mapumbao yote yaliyowafikia vijana wetu wa pwani zama hizi, silijui hata moja linalofunza mkono, jicho na subira kwa pamoja kama hili, na mji wa Tanga, wenye viwanja vipana na mafundi hodari tangu siku za reli na mkonge, una kila sababu ya kulipatia nafasi.

Watu huichanganya helikopta hii na droni, na hapo ndipo hukumu yao inapopotoka. Droni ya kupigia picha, ambayo siku hizi imezoeleka arusini, hujua mahali ilipo kwa ishara za setilaiti, na mrushaji akiondoa vidole hujishikilia yenyewe hewani ikamngoja. Helikopta ya kujifunzia haimngoji mtu. Mapanga yake makubwa huzunguka upande mmoja, na kiwiliwili chake, kwa kanuni ya maumbile, hutaka kuzunguka upande wa pili; mapanga madogo ya mkiani ndiyo yanayokizuia; na kila mara nguvu ya kuinuka inapoongezwa mizani hiyo huvurugika, ikalazimu irekebishwe kabla jicho halijatambua vyema lililotokea. Ni kweli kwamba tangu siku za Mjerumani Dieter Schlüter, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuitawala helikopta ndogo kwa redio, mengi yamerahisishwa, na leo kimo kifaa kidogo cha kuutuliza mkia; lakini kukisimamisha chombo mahali pamoja hewani bado ni kazi ya vidole vya mwanadamu.

Mwanafunzi mwenye hekima huanza na programu ya kompyuta inayoigiza urukaji, ambamo kila anguko ni bure. Akitoka hapo, hufunga chini ya miguu ya helikopta vijiti viwili vyepesi vilivyopishana, vyenye vitufe nchani, ili isipinduke inapotua vibaya. Kisha husimama nyuma ya mkia na kuiinua kiasi cha shubiri mbili tu. Huko chini hewa inayosukumwa na mapanga hugonga ardhi na kutibuka, chombo kikateleza huku na huku kama kilichowekwa juu ya sabuni, na shauri la walimu wote ni kupanda kidogo zaidi, jambo ambalo moyo wa mwanafunzi hulikataa. Akishaizoea hali hiyo huigeuza ubavu, kisha ndipo ufikapo mtihani wenyewe: kuigeuza pua imwelekee yeye, kwani hapo kulia kwa chombo kumekuwa kushoto kwake, na kidole kilichozoea kusukuma upande huu sharti kisukume upande ule. Nimewaona vijana wepesi wa hesabu wakikwama hapo majuma mazima, na wengine wasiojisifu wakafaulu. Maana akili huidiriki kanuni hiyo papo hapo, lakini mkono haupati ila kwa kurudia.

Pwani yetu ina masharti yake. Kusi likishika, chombo chepesi hakijifunziwi. Musimu wa maleleji ndio bora, na hata katika miezi mingine alfajiri hufaa, kabla upepo wa bahari haujaamka. Chumvi ya hewani nayo hula beringi na boliti, basi kijana hulazimika kufuta, kutia mafuta na kukaza kila kiungo kabla ya kuruka, na kwa njia hiyo ufundi humwingia bila ya kuhimizwa.

Wala si elimu isiyo na mahali pa kutumika. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kurusha droni za kupimia ardhi ya Unguja na Pemba. Mwaka 2018 chombo kisicho na rubani kilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Na tarehe 19 Aprili 2021 helikopta Ingenuity, yenye uzito wa kilo 1.8, iliinuka juu ya sayari ya Mirihi, ikaendelea kuruka hata ikatimiza safari 72. Kazi za namna hii zinahitaji watu wanaokijua chombo kwa mikono yao, nami sioni kwa nini wasitoke Ngamiani au Pangani.

Hatari ipo, na ni dhuluma kuificha. Mwaka 2013, katika mji wa New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na mapanga ya helikopta yake mwenyewe. Betri za lithiamu nazo, zikitobolewa au zikichajiwa kupita volti 4.2 kwa kila seli, huweza kuwaka moto, basi hazifai kuachwa kwenye chaja usiku watu wamelala. Kwa hivyo siungi mkono hata kidogo kurusha vyombo hivi ufukweni Raskazone penye waogaji, wala mitaani, wala karibu na uwanja wa ndege. Vyombo visivyo na rubani vina kanuni zake zilizotungwa mwaka 2018, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kijana afunzwe kuziheshimu tangu siku ya kwanza.

Lakini kumkataza kijana kila mahali bila ya kumwonyesha mahali pamoja ni kumfundisha kujificha. Naliomba Baraza la Madiwani la Jiji la Tanga litenge kiwanja kimoja kilicho mbali na makazi, kwa saa za asubuhi ya Jumamosi na Jumapili. Naziomba Shule ya Sekondari ya Ufundi Tanga na VETA zitoe mwalimu wa kuwasimamia na meza ya kutengenezea vilivyovunjika. Naiomba Mamlaka iwaeleze kwa Kiswahili chepesi kibali gani kinahitajika na kinapatikana wapi. Na wenye mashamba ya mkonge kuelekea Ngomeni na Muheza, ambao wana vitalu vilivyolala bila kupandwa, wakikubali kuazima kimoja, kazi hii inaweza kuanza mwaka huu.