Gego la Darasa la Kwanza: Kinywa cha Mtoto Kabla Shule Hazijafunguliwa



Wapendwa waamini, Januari imekaribia pamoja na madai yake. Katika familia nyingi za Tanzania hizi ni siku za mahesabu: sare, viatu, madaftari, begi, nauli, michango ya chakula cha mchana. Tangu mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na hatua hiyo imewafungulia mlango watoto wengi. Hata hivyo, kila mzazi anafahamu kwamba kuondolewa ada peke yake hakumtoshi mtoto kuingia darasani akiwa tayari kujifunza. Katika orodha hiyo ndefu ya maandalizi kuna jambo moja ambalo mara nyingi haliandikwi kabisa, nalo ni kinywa cha mtoto mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuwa akilala mezani kila Jumamosi huku ameshika shavu. Katekista alimwona mvivu. Nilipomwita na kumwomba afungue kinywa, niliona gego la chini limetoboka, na ufizi wa pembeni yake umevimba. Mama yake, mwanamke mchapakazi na mwanajumuiya mwaminifu, alinijibu kwa utulivu: “Baba, hilo ni la utoto, litang’oka lenyewe.” Kumbe halikuwa la utoto. Lilikuwa jino ambalo mtoto yule alipaswa kulitumia hadi uzeeni, na wiki iliyofuata liling’olewa, kwa sababu halikuwa tena na sehemu ya kuzibwa.

Kosa la mama yule ni la wengi wetu, na linaelezeka. Meno ya utoto ni 20. Yanapofika wakati wa kutoka, hulegea na kuliachia nafasi jino jipya, na sote tunalitambua tukio hilo. Lakini mtoto anapofikia umri wa miaka sita hivi, magego manne ya kwanza ya kudumu, mawili juu na mawili chini, huchomoza kimya kimya nyuma ya meno yote ya utoto. Hakuna jino linalong’oka ili kuyapisha. Mzazi haoni badiliko lolote, na akiliona gego jipya hudhani ni mojawapo ya yale ya zamani. Tena gego hilo lina mifereji midogo juu yake inayonasa mabaki ya chakula, na kwa kuwa liko nyuma kabisa, mswaki wa mtoto haulifikii vizuri. Ndivyo inavyotokea kwamba jino muhimu kuliko yote katika kutafuna huingia kinywani wakati uleule mtoto anapoingia darasa la kwanza, na mara nyingi huanza kuoza kabla mtu yeyote hajajua kwamba limefika.

Wakati huohuo maisha ya mtoto hubadilika. Anaanza kupewa fedha kidogo mkononi. Getini mwa shule kuna pipi, ubuyu wa sukari, kashata, barafu za rangi na juisi za pakiti. Vijidudu vilivyo katika ukoga wa meno huigeuza sukari kuwa tindikali, na tindikali hiyo hulishambulia gamba gumu la jino kwa muda wa nusu saa hivi kila mara mtoto anapokula kitu kitamu. Kwa sababu hiyo, suala si kiasi cha sukari tu, bali pia idadi ya mara anazokula. Mtoto anayekula kipande kimoja kitamu baada ya chakula cha mchana analipa jino nafasi ya kupumzika, ilhali anayemumunya pipi tangu asubuhi hadi jioni halipi jino lake nafasi hiyo.

Tatizo hili si letu peke yetu. Katika taarifa yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika hilo zilipitisha azimio kuhusu afya ya kinywa, na mwaka huohuo dawa ya meno yenye madini ya floraidi iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu. Hatua hiyo inastahili kutafakariwa. Kitu ambacho katika nyumba nyingi hununuliwa zikibaki fedha kinahesabiwa na wataalamu miongoni mwa dawa ambazo kila mtu anapaswa kuzipata.

Kwa nini basi tunachelewa? Kwanza, jino huoza polepole, nasi tumezoea kushughulikia kinachopiga kelele. Pili, huduma ya kinywa na meno katika maeneo mengi ya vijijini iko mbali, na safari ya kwenda mjini ni gharama ya siku nzima ya kazi. Mgonjwa hufika pale tu anapokosa usingizi, na kufikia hapo tiba inayobaki ni kung’oa. Mtoto aliyeonja kiti cha tabibu kwa namna hiyo hukua akikiogopa, naye huja kuwachelewesha wanawe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Waamini, kama raia, tunayo haki na hata wajibu wa kuwauliza viongozi wetu matibabu ya kinywa ya watoto yamepewa nafasi gani katika huduma hizo.

Kwa ndugu zetu wa Arusha, Manyara na Kilimanjaro kuna jambo la ziada. Katika baadhi ya maeneo hayo maji yana floraidi nyingi kupita kiasi, na watoto huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Mtoto wa namna hiyo hapaswi kuambiwa mbele ya wenzake kwamba hapigi mswaki. Madoa yake ni alama ya kisima alichonyweshwa akiwa mdogo, na dawa yake ya kweli ni maji salama, ambayo Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wa Laudato Si’ wa mwaka 2015 aliyataja kuwa haki ya msingi ya kila binadamu.

Lakini kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, tujitazame sisi wenyewe. Katika sherehe zetu za parokia, hasa siku ya Utoto Mtakatifu, upendo wetu kwa watoto tumeuonyesha kwa pipi na soda. Mimi mwenyewe nimesimama mlangoni mwa kanisa na mfuko wa pipi, nikafurahi kuzungukwa na watoto. Sisemi tuwanyime furaha. Ninasema kwamba ndizi, chungwa na karanga nazo ni zawadi, na mtoto hatatupenda kidogo kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo, kamati za shule zisiwafukuze akina mama wanaouza getini, kwani nao wanatafuta ada na mkate wa watoto wao. Zikae nao na kukubaliana juu ya matunda, mihogo na mahindi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inatufundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni vipaji vya thamani tulivyokabidhiwa na Mungu, na kwamba tunapaswa kuvitunza kwa busara, tukizingatia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote. Mtakatifu Marko anasimulia kwamba Bwana wetu alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula (Mk 5:43). Baada ya muujiza mkubwa namna ile, alikumbuka kwamba mtoto ana njaa. Utunzaji wa mambo madogo ya mwili wa mtoto ni sehemu ya upendo wa Kikristo.

Kwa hiyo, wiki hii, kabla shule hazijafunguliwa, kila mzazi au mlezi amkalishe mtoto penye mwanga wa mchana na kutazama nyuma kabisa ya kinywa chake. Ukiona gego jipya, lisafishe wewe mwenyewe kila usiku, kwa maana mkono wa mtoto wa chini ya miaka saba au minane haujawa na ustadi. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, na mara moja iwe kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi isiyozidi punje ya njegere kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita. Baada ya hapo asile kitu hadi asubuhi. Ukiona shimo, doa jeusi au uvimbe, usingoje kilio, mpeleke kwa tabibu wa meno. Jumuiya Ndogo Ndogo ziwatazame hasa watoto yatima na wanaolelewa na bibi zao, na pale nauli inapokosekana, ichangwe kama tunavyochanga kwa msiba.

Tarehe 9 Februari Kanisa litamkumbuka Mtakatifu Apolonia, bikira wa Aleksandria nchini Misri, aliyevunjwa meno kabla ya kufia imani mwaka 249, na ambaye wenye maumivu ya meno huomba maombezi yake. Tuwaombee watoto wetu kwake. Lakini tusimwachie yeye kazi ambayo Mungu ametukabidhi sisi, yenye mswaki, maji safi na dakika chache za kila usiku.