Muuzaji ndiye aseme kioo kitazame wapi

Mlango wa mbele wenye kioo cha urembo ni bidhaa ya gharama, na mara nyingi hununuliwa upande mmoja wa mpaka ukafungwa upande wa pili. Fundi aliye Namanga au Busia anapomuuliza mwenye nyumba, "Maua haya yatazame nje au ndani?", muuzaji ameshaondoka na kioo hakina alama yoyote. Fundi anakisia. Akikosea, lawama inamrudia aliyeuza.

Kwa maoni yangu, swali hilo halimhusu fundi peke yake. Mfanyabiashara anapaswa kulijibu kabla mzigo haujapakiwa.

Jibu lenyewe si gumu. Vioo vingi vya urembo vina uso mmoja laini na mwingine wenye maua yaliyoinuka. Uso laini utazame nje. Nje ndiko kwenye vumbi na mvua, na uso laini husafishika kwa kupitisha kitambaa tu, ilhali vumbi likiingia kwenye mabonde ya maua halitoki bila brashi. Kioo cha ukungu, kile kilichopigwa mchanga, nacho ni hivyo hivyo. Uso wake wa ukungu ukilowa huanza kuonyesha, na hakuna anayetaka mvua imwondolee sitara.

Vile vioo vidogo vidogo vilivyounganishwa kwa vipande vya risasi huwachanganya watu zaidi, kwa kuwa mistari ya risasi hutokeza pande zote mbili. Hapo usiangalie risasi, papasa kioo chenyewe: ulaini nje, maua ndani. Vijiti vya mbao vinavyobana kioo kwenye mlango navyo viwe ndani, mwizi asivibandue. Kama kioo cha risasi kimefungiwa katikati ya vioo viwili vya kawaida, vumbi si hoja tena. Kinachobaki ni kuhakikisha picha au herufi zinasomeka upande anaoutaka mteja.

Wapo watakaosema mteja amelipia urembo ili wapita njia wauone. Hoja hiyo ina uzito, lakini kugeuza kioo hakusaidii sana. Mchana ndani ya nyumba huwa na giza kuliko nje, hivyo aliye barabarani huona kioo kimefifia. Anayefaidi rangi ni aliye ndani, kama ilivyo kwa vioo vya rangi vya makanisani. Taa zikiwashwa usiku, wa nje naye hupata zamu yake. Mteja akisisitiza, mlango ni wake, ila aamue akiwa ameshaelezwa.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005 na Soko la Pamoja likafuata 2010. Vituo vya pamoja vya mpakani navyo vimetupunguzia foleni. Lakini hakuna itifaki inayorudisha kioo kilichovunjika. Pati ikishakauka, kukitoa kioo ili kukigeuza ni kukihatarisha, na kukisafirisha tena kuvuka mpaka ni gharama ambayo muuzaji na mteja watagombania.

Kinga yake ni rahisi. Bandika karatasi yenye neno NJE kwenye uso laini. Andika neno hilo hilo kwenye risiti, na mteja aisome mbele yako. Kioo cha risasi kisafirishwe kikiwa kimesimama, maana kikilazwa hupinda kwa uzito wake. Ukimaliza kukishika nawa mikono, risasi ni sumu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wanaouza milango, neno moja kwenye risiti linatosha kumrudisha mteja kununua mlango wa pili, badala ya kurudi na vipande vya ule wa kwanza.