Kengele zilizorudi Balangiga, na fungu la fedha ambalo wengi hawakuliona

Mwezi wa Desemba 2018, kengele tatu za kanisa zilirudishwa Balangiga, mji mdogo wa kisiwa cha Samar, nchini Ufilipino. Zilikuwa zimekaa ugenini miaka 117. Picha za siku ile zilizunguka dunia. Lakini mwaka uleule kuna kitu kingine kilichorudishwa kwa miji midogo yote ya nchi ile, na hakikupigiwa kengele: Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali kuu ilikuwa inahesabu vibaya fungu la kodi linalopaswa kwenda kwa manispaa na vijiji. Wapendwa wasomaji, tunataka leo tuyatazame marudisho haya mawili kwa pamoja. Yote yanauliza swali moja: haki ikisharudi mlangoni, nani anaipokea?

Tuanze na kengele. Balangiga ni manispaa ya vijijini, watu wake ni kama 14,000, wengi wakiishi kwa uvuvi, nazi na mashamba. Mwaka 1901, wakati Marekani inaitwaa Ufilipino kwa nguvu baada ya kuiondoa Hispania, kikosi cha askari wa Marekani kiliwekwa katika mji huo. Mkuu wa mji, Pedro Abayan, alijikuta katikati: mbele yake askari wageni wenye amri, nyuma yake watu wake na wapiganaji wa msituni. Kapteni wa kikosi aliamuru wanaume washikwe na kulazimishwa kusafisha mji. Walilazwa usiku wakiwa wamebanana ndani ya mahema, na akiba za chakula zikaharibiwa.

Asubuhi ya tarehe 28 Septemba, askari wakiwa kwenye chakula, mkuu wa polisi wa mji, Valeriano Abanador, alimnyang'anya mlinzi bunduki. Kengele ya kanisa ikalia, na wanaume wakaingia na mapanga. Kati ya askari 74, waliokufa ni 48. Kisasi kilikuwa kikubwa zaidi. Jenerali Jacob Smith alitoa amri ya kuua kila aliyeweza kushika silaha, kuanzia umri wa miaka 10. Mji ulichomwa, na vijiji vingi vya Samar vikaangamia. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya idadi ya waliokufa. Jenerali huyo alihukumiwa na mahakama ya kijeshi, akapewa karipio, kisha akastaafishwa. Kengele zilichukuliwa kama nyara: mbili zikapelekwa Wyoming, Marekani, na ya tatu ikafuatana na kikosi chake hadi Korea Kusini.

Hatuisifu damu ya upande wowote. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba watu hawakuacha kuuliza. Rais Fidel Ramos aliziomba kengele hizo katika miaka ya 1990. Rais Duterte akazidai tena hadharani mwaka 2017. Baadhi ya askari wastaafu wa Marekani walipinga. Wengine wakabadili mawazo na kuunga mkono. Mwishowe sheria ya Marekani ilifungua njia, na ndugu zetu Wakatoliki wa Balangiga wakazisikia tena karibu na Noeli.

Sasa tuje kwenye rudisho la pili. Mwaka 1991 Ufilipino ilipitisha Kanuni ya Serikali za Mitaa. Iliipa kila manispaa meya, makamu wake na baraza, wote wakichaguliwa kwa miaka 3, na hakuna anayeruhusiwa kushika kiti kimoja zaidi ya vipindi 3 mfululizo. Chini ya manispaa kuna barangay, yaani kijiji au mtaa wenye mkuu na baraza lake. Jina hilo linatokana na mashua ya zamani iliyobeba jamaa pamoja.

Kanuni hiyo iliweka asilimia 40 ya kodi kwa ajili ya ngazi za chini. Lakini serikali kuu ilihesabu asilimia hiyo kwenye kodi za ndani tu, ikaacha nje ushuru wa forodha na mapato mengine. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikasema Katiba inataka kodi zote za taifa zihesabiwe. Uamuzi huo ulianza kutumika kwenye bajeti ya 2022. Kwa manispaa isiyo na kiwanda wala soko kubwa, fungu hili ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi zake: zahanati, barabara za ndani, mishahara.

Ni jambo la uzima na mauti. Novemba 2013, tufani iliyoitwa Haiyan, ambayo Wafilipino huiita Yolanda, iligusa nchi kavu kwanza huko Guiuan, upande huohuo wa Samar iliko Balangiga. Zaidi ya watu 6,000 walikufa nchini. Sheria inaagiza kila serikali ya mtaa kutenga walau asilimia 5 ya mapato yake kwa ajili ya maafa. Bahari inapopanda usiku, mlango unaobishwa ni wa mkuu wa barangay, si wa waziri. Fedha ile kama ililiwa mapema, hakuna hotuba itakayowavusha watu.

Na hapa ndipo penye kidonda. Katiba ya Ufilipino ya 1987 inakataza familia kurithishana vyeo vya kisiasa, lakini ikaliachia bunge kazi ya kueleza maana yake. Bunge, lenyewe limejaa familia hizo, na halijapitisha sheria ya jumla mpaka leo. Meya akimaliza vipindi 3, mke au mtoto huchukua kiti, kisha mzee hurudi. Uchaguzi wa barangay nao uliahirishwa mara kwa mara: baada ya ule wa Mei 2018, watu walingoja hadi Oktoba 2023. Kwa hiyo madaraka yaliletwa karibu, lakini kuwa karibu peke yake hakusafishi mikono. Mwizi wa karibu anajua pia mahali ufunguo unapowekwa.

Hata hivyo sheria iliacha chombo kimoja mikononi mwa raia wa kawaida. Angalau mara 2 kwa mwaka, wakaaji wa barangay wenye miaka 15 na zaidi huitwa mkutanoni kusikia taarifa ya kazi na fedha. Pale mama muuza samaki anaweza kusimama na kuuliza pesa za mfereji zilikwenda wapi. Asipokuja, taarifa husomwa mbele ya viti.

Sisi wa Kongo tunalijua fungu la asilimia 40. Katiba yetu, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia hiyohiyo ya mapato ya taifa, izuiliwe palepale yanapokusanywa. Bado tunaidai. Lakini tujiulize pia: ikifika kesho yote, shefu wa sekta ataisoma hesabu yake mbele ya nani? Nehemia alikuwa liwali miaka 12 na hakula posho ya liwali, kwa sababu aliona mzigo uliowalemea watu. Mtu wa namna hiyo hatokei Kinshasa tu. Analelewa katika makutaniko yetu, tangu siku anapokabidhiwa sadaka ya vijana na kutakiwa aisome hesabu mbele ya wote. Makanisa yetu yaanzie hapo, Jumapili hii.