Kichwa Kizito au Njia Mbaya ya Kusoma?

Ndugu msomaji, huenda unaye nduguyo aliyekwenda Marekani kutafuta maisha, akakueleza kwamba mchana anatunza wazee na jioni anahudhuria chuo. Ukimwuliza anasoma nini, atataja hesabu, atataja uandishi wa Kiingereza, kisha atataja saikolojia. Hapo ndipo wengi hushangaa. Mtu anayetaka kuwa muuguzi ana haja gani na saikolojia?

Chuo hicho aghalabu ni kile ambacho Wamarekani hukiita chuo cha jamii: chuo cha miaka miwili, kilicho karibu na makazi ya watu, chenye ada nafuu kuliko chuo kikuu, ambacho kwa kawaida hakimfungii mlango mtu mzima kwa sababu ya alama zake za zamani. Kilicho kikongwe kuliko vyote vya umma kilianzishwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, kikiwa na wanafunzi 6 tu. Leo viko takriban 1,000. Wengi wa wanafunzi wake husoma nusu ya masomo kwa muhula, kwa kuwa wana kazi na wana watoto. Saikolojia ya utangulizi huwavutia kwa sababu vyuo vikuu huikubali mtu anapohamia huko kumalizia shahada, na mafunzo mengi ya uuguzi huidai.

Somo lenyewe ni pana. Katika wiki zipatazo 15 mwanafunzi hupitishwa kwenye ubongo, usingizi, makuzi ya mtoto, hulka, maradhi ya akili, na jinsi mtu anavyobadilika akiwa katika kundi. Kitabu chake ni kinene. Kwa bahati njema, tangu mwaka 2014 kipo kimoja kinachotolewa bure katika intaneti na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice huko Houston. Hata msomaji aliye Temeke au Mwanza, mradi anakijua Kiingereza, aweza kukifungua leo hii.

Lakini kwa mfanyakazi aliyerudi darasani baada ya miaka 15, sura yenye thamani kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya kumbukumbu. Mtu huyo huingia darasani na hofu moja kubwa: kwamba kichwa chake kimekuwa kizito. Husoma sura nzima usiku, na kesho yake jioni haoni kilichobaki. Hujilaumu, na wengine huacha chuo kimyakimya wala hawarudi tena.

Basi katika sura hiyo hukutana na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kazi kiasi gani aliyookoa alipozikariri upya. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ya kukariri ilikuwa imekwisha kutoweka. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Huyu alikuwa msomi hodari, tena kijana wa miaka thelathini na kitu! Kusahau, kumbe, si ishara ya ujinga. Jambo jingine aliloliona ni kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa yalimfaa kuliko marudio mengi ya siku moja.

Jaribio la pili ni la juzijuzi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa mji wa St. Louis, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja liliisoma habari katika vipindi vyote vinne. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha katika vitatu vilivyofuata likafunika karatasi na kuandika kila lililokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: hao walikumbuka asilimia 40, na wale waliojijaribu wakakumbuka asilimia 61. La ajabu ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba wangekumbuka. Macho yakizoea ukurasa, moyo hudhani umekwisha elewa.

Niseme kwa kupita kwamba somo hili lina hatari yake ndogo. Mwanafunzi wa mwezi wa pili huanza kumpa kila mkwe jina la ugonjwa. Mvumilieni, utangulizi haumfanyi mtu kuwa mganga, na walimu wenyewe humwonya hivyo.

Huku kwetu nako wapo wengi wanaotoka kiwandani au ofisini wakaenda kwenye masomo ya jioni, na nyumba zao zina kazi ya kuwasaidia. Msimwachie baba au mama usiku mzima wa Jumamosi na kitabu, akipiga mistari chini ya maneno hadi ukurasa ugeuke mwekundu. Mpeni nusu saa Jumatatu, nusu saa Jumatano, nusu saa Ijumaa. Na mtoto wa darasa la sita, ambaye kusoma anakujua, ashike daftari na kumwuliza mzazi maswali huku chakula kikiwa jikoni. Mzazi akikwama, asionyeshwe jibu upesi. Aachwe ajikune kichwa kidogo, ajaribu, ndipo daftari lifunuliwe. Swali alilolikosa liulizwe tena baada ya siku mbili.