Acheni Kuabudu Boksi

Mwambie mtu wa Arusha mwenye laki mbili mfukoni kwamba akanunue monita iliyotumika, atakutazama kama umemtukana. Atakujibu kwamba yeye hanunui takataka za Wazungu. Anataka kitu cha boksi, chenye nailoni kwenye kioo na sponji pembeni, tena kikubwa kadiri fedha itakavyoruhusu. Maneno haya nayasikia kwenye maduka ya Barabara ya Sokoine, nayasikia kwa wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro, na nayasikia kwa walimu wa Arumeru wanaotafuta vifaa vya chumba cha kompyuta. Ni imani potofu, na inakula fedha za watu wasio na fedha za kuchezea.

Msimamo wangu ni huu: kwa mtu wa kipato cha kawaida, monita ya ofisi iliyotumika Ulaya miaka mitano, ikapimwa vizuri kabla ya kulipiwa, itadumu zaidi na itasomeka vizuri zaidi kuliko monita mpya ya bei hiyohiyo. Mwenye uwezo wa kununua monita mpya ya daraja hilohilo la ofisi, anunue, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na ile mpya ya bei ya chini ambayo watu wanaikimbilia kwa sababu tu haijawahi kuguswa.

Ukitaka kujua kwa nini ya ofisi ni imara, uliza kwanza ikiharibika hasara inakuwa ya nani. Dell wana UltraSharp, HP walikuwa na EliteDisplay, Lenovo wana ThinkVision. Hizi huuzwa kwa mamia na maelfu kwa benki, wizara, vyuo vikuu na makampuni ya bima, na kwa kawaida huja na dhamana ya miaka mitatu. Monita ikifa katika muda huo, mtengenezaji ndiye anayeileta nyingine. Sasa jengo moja lenye monita elfu mbili likianza kurudisha moja katika kila kumi, faida yote ya biashara ile inaishia kwenye usafiri na vipuri. Ndiyo maana humo ndani wanaweka saketi ya umeme yenye nguvu, stendi ya chuma inayopanda na kushuka, na kioo cha aina ya IPS kisichobadilika rangi ukikitazama kwa pembeni. Hawafanyi hivyo kwa huruma.

Baada ya miaka mitatu, minne au mitano, ofisi hubadilisha zote kwa mpigo, nzima na mbovu, kwa sababu mhasibu ameshaziandika kuwa thamani yake imekwisha. Hizo nzima ndizo zinazopangwa kwenye makontena, zikapita Dubai au zikaja moja kwa moja bandari ya Dar es Salaam, na nyingine zikashuka Mombasa na kuvuka Namanga. Zikifika hapa tunaziita takataka.

Kwenye monita ya boksi ya bei ya chini, hasara ni yako. Soma ile karatasi ya dhamana kabla ya kushangilia. Mara nyingi imeandikwa kwamba haihusu hitilafu ya umeme, na kwa mji unaokatika umeme na kurudi kwa kishindo kama huu wetu, hitilafu ya umeme ndiyo ugonjwa wenyewe. Ukirudi dukani baada ya miezi minane na kitu kisichowaka, utaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi, au winga aliyekuuzia keshahama mtaa.

Kuna jambo la historia ambalo wanunuzi wetu wangelijua wangeacha kubeza. Mwaka 1992 shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa ofisini nchini Sweden, TCO, lilianza kutoa nembo kwa monita zilizokidhi masharti yake. Wanachama wake walikuwa wakikaa mbele ya skrini siku nzima, wakiumwa macho na kuhofia mionzi ya zile monita za chogo. Shirikisho likasema monita isiyokidhi kiwango isinunuliwe, na watengenezaji wakatii. Geuza monita ya ofisi iliyotumika utazame nyuma, mara nyingi utaikuta nembo ya TCO kwenye stika. Wafanyakazi wa nchi nyingine waligombania ubora huo miaka mingi, nasi tunaukuta kwenye rafu kwa chini ya bei ya kile cha boksi, halafu tunaupita.

Watu huniambia, sawa, lakini imeshachoka. Hebu tupige hesabu. Taa za LED zinazomulika nyuma ya kioo kwa kawaida hukadiriwa kudumu saa 30,000 hadi 50,000 kabla mwanga wake haujashuka hadi nusu. Ofisi inayofanya kazi saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hutumia saa 2,000. Miaka mitano ni saa 10,000. Hata ukichukua lile kadirio la chini kabisa, umebakiwa na saa 20,000, ambazo kwa matumizi yaleyale ni miaka kumi. Wala huhitaji kumwamini muuzaji. Monita nyingi za HP za ofisi zina ukurasa wa taarifa kwenye menyu unaoonyesha taa imewaka saa ngapi. Dell huandika kwenye stika ya nyuma mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Ukiambiwa ni ya juzi na stika inasema 2012, umeshamjua unayeongea naye.

Nashangazwa zaidi na mji wenyewe unaosema haya. Arusha inaishi kwa magari ya mtumba. Noah na IST zinazopandisha watu Sakina na Ngaramtoni zilishaendeshwa Japani kabla ya kufika hapa. Land Cruiser nyingi zinazopeleka watalii Serengeti na Tarangire zilinunuliwa zikiwa zimetumika, zikaingia gereji za mjini humu, zikakatwa, zikarefushwa na kufunguliwa paa, na leo zinalisha maelfu ya familia. Mmiliki anayejua kukagua chesisi na injini kwa jicho, na asiyeweza kubadilisha Toyota iliyotumika kwa gari jipya lisilo na jina, akiingia duka la kompyuta anauacha ujuzi wote mlangoni na kuuliza tu kama monita ina boksi.

Imani hii ina pacha wake, naye ni ukubwa. Kwa kuwa inchi ndizo zinazoandikwa kwa maandishi makubwa, mtu anaona heri achukue televisheni mpya ya inchi 32 aifanye monita, apate na mpira jioni. Nimeingia ofisi moja ya utalii ambako wasichana watatu wanaoandaa ratiba za safari wamewekewa televisheni za namna hiyo mezani, nyuso zao zikiwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kioo. Kichwa kinawauma ifikapo saa nane, na bosi anadhani ni uvivu.

Sababu iko kwenye doti. Televisheni nyingi za bei ya chini za inchi 32 zina doti 1,366 kwa 768, yaani kama milioni moja hivi kwa jumla. Monita ya kawaida ya inchi 24 ina 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni mbili. Kwa hiyo ile televisheni ina nusu ya doti, nazo zimetandazwa kwenye kioo kipana zaidi. Katika kila inchi moja ya kioo, monita ina doti 92 na televisheni ina 49. Ukiwa kochini mita tatu huoni tofauti, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ukiwa mezani, herufi zina meno kama msumeno. Ongeza na tabia nyingine za televisheni: hukata kingo za picha mpaka ule mstari wa chini wa Windows unapotea, huchafua herufi nyekundu zilizo juu ya rangi nyeusi, na mshale wa kipanya huchelewa kuufuata mkono. Lile neno la kwenye boksi kwamba inapokea 1080p maana yake ni kwamba inaipokea picha hiyo kisha inaipunguza. Haimaanishi kwamba inaionyesha. Tafuta idadi halisi ya doti za kioo, na kama haikuandikwa popote, rudisha boksi kwenye rafu.

Halafu kuna rangi. Mji huu una vijana wengi wanaoishi kwa kuchapa fulana, mabango na kadi za harusi, na wengine wanaosafisha picha za wanyama kwa ajili ya kampuni za utalii. Monita mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi hutumia kioo cha TN. Inuka kidogo kwenye kiti, rangi inapauka. Inama, inageuka nyeusi. Kijana anachapa bango akiamini ni jekundu, linatoka la damu ya mzee, mteja anagoma kulipa. Dell U2412M iliyoingia sokoni mwaka 2011, ya inchi 24, kioo cha IPS chenye doti 1,920 kwa 1,200, ingemwepusha na hasara hiyo mpaka leo. Tena ingempa nafasi ya mistari kadhaa zaidi kwa chini, jambo linaloonekana mno kwa anayeandika barua na kujaza majedwali. Na isingemlazimu kuweka rimu mbili za karatasi chini ya stendi kama ninavyoona karibu kila ofisi.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu, nayo ni taka. Ni kweli kwamba chini ya jina la msaada na mitumba, Afrika imetupiwa vifaa vilivyokufa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zile zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo yake. Tanzania ilitunga kanuni zake za taka hizi mwaka 2021, na tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuridhia. Naunga mkono yote hayo bila kusita. Monita iliyokufa isiingie, na monita za chogo pamoja na zile nene za mwanzo zenye taa za mirija yenye zebaki zisinunuliwe na mtu yeyote, hata zikiwaka, hata za bure. Shule zikatae misaada ya namna hiyo. Lakini monita nzima yenye miaka kumi mbele yake si taka. Ile mpya itakayokufa baada ya miaka miwili ndiyo taka, na inaelekea dampo la Muriet ikiwa bado na harufu ya boksi.

Kwa hiyo kazi iko kwenye kupima, na hapa sina huruma na mnunuzi mvivu. Nenda mchana, na laptopu yako mwenyewe. Mpigie muuzaji mapema umwambie asiiwashe kabla hujafika, kwa maana kapasita zilizoanza kuvimba hujificha kioo kikishapata moto. Ikiwa baridi ndipo inapopepesa, au inawaka sekunde mbili na kuzima. Weka picha nyeupe tupu ijaze kioo chote, tafuta mabaka na kona za njano. Weka nyeusi, uone mwanga unavuja wapi. Weka nyekundu, kijani na bluu, uhesabu doti zilizokufa. Kama ni Dell, chomoa waya wa picha ukiiacha inawaka: ikileta kisanduku kinachoelea chenye rangi hizo tatu, kioo na saketi yake viko hai. Tikisa waya wa umeme pale unapoingilia. Kisha iache iwake nusu saa huku mkiongea bei. Muuzaji anayekukatalia nusu saa anajua kitu usichokijua, ondoka.

Usikubali waya wa VGA kama kuna njia nyingine, kwa sababu hutia ukungu kwenye herufi. Monita nyingi za ofisi za miaka ile hazina HDMI, watu wanaziacha kwa hilo tu, ilhali waya wa HDMI kwenda DVI unatosha. Kiasi unachookoa, tenga sehemu yake ununue kilinda umeme, kwa sababu TANESCO haitofautishi mpya na ya zamani.

Walimu wakuu wa Arumeru, wenye ofisi za utalii, wazazi mnaowanunulia watoto kompyuta ya kwanza: mkiletewa bei ya monita, muulizeni mleta bei ni kioo cha aina gani, kina doti ngapi na kimewaka saa ngapi. Asipokuwa na majibu, msimlipe, hata boksi lake ling'ae namna gani.