WOGA WA MBAAZI

Ndugu wanaushirika,

Mwaka 2016 tulikopa tukalima mbaazi, hatukuogopa kitu. Agosti 2017 India, iliyokuwa imevuna nyingi, ikaweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje. Bei ikaanguka, mbaazi zikabunguliwa ndani ya magunia. Mei 2021 India ikafungua tena mlango, lakini wengi wetu hata ekari moja hatutaki kusikia. Watu ni wale wale, hasara ndiyo imetubadilisha. Na waliotucheka kwa kukopa, bei ikipanda kidogo tu, wao ndio wa kwanza kuomba mkopo! (Katibu naye yumo.) Basi mkutano wa Jumamosi ukijadili mkopo wa mbegu, tuulizane: mnunuzi nani, na bei ikianguka tena tutalipa na nini? Anayedaiwa tangu 2017 naye aje, asione haya.