Tusiwazulie Waliozama



Baada ya kumshukuru Allah, Mola wa viumbe vyote, na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), ndugu wasomaji, mama zetu na dada zetu, juma hili tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Katika darsa la akina mama mjini Homa Bay tulisimulia kisa cha meli ya Titanic kama kinavyosimuliwa katika mimbari nyingi: kwamba aliyeiunda alijigamba kuwa hata Mwenyezi Mungu hawezi kuizamisha, nayo ikazamishwa katika safari yake ya kwanza. Darsa lilipokwisha, mama mmoja kutoka upande wa Mbita alitufuata, akasema kwa adabu: "Shekhe, mume wangu alizama akirudi kuvua. Yeye hakujigamba. Watu wakisema ziwa humchukua mwenye dhambi, niwaambie nini watoto?" Siku ile hatukuwa na jibu.

Tumerejea kukichunguza kisa chenyewe. Titanic iligonga mwamba wa barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 katika bahari ya Atlantiki, ikazama kabla ya mapambazuko ya tarehe 15. Kati ya watu wapatao 2,200 waliokuwamo, takriban 1,500 walikufa. Hakuna ushahidi thabiti kwamba mwundaji wake alitamka yale maneno ya kufuru. Thomas Andrews, aliyesimamia uchoraji wa meli ile, alikuwa miongoni mwa wasafiri, naye alikufa humo. Kilichoandikwa kabla ya safari, katika jarida moja la waunda meli, ni kwamba ilikaribia kuwa chombo kisichozamika, kwa ajili ya milango yake ya kuzuia maji.

Sababu za msiba zinajulikana. Meli ilipewa maonyo ya barafu, lakini haikupunguza mwendo. Mashua zake za kuokolea zilikuwa 20, zenye nafasi za watu 1,178 tu, na sheria ya Uingereza ya wakati ule haikudai hata idadi hiyo. Baadhi ya mashua hizo ziliteremshwa zikiwa na nafasi tupu. Waliokufa ni pamoja na akina mama na watoto wa daraja la tatu. Hao nao walikufuru lini?

Tuje katika ziwa letu hili, ambalo maji yanayopiga ufuo wa Karungu na Muhuru ndiyo yanayofika Mwanza na Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Wapo wasemao kilichoizamisha ni tundu lililokatwa na waokoaji. Lakini tundu lilikatwa meli ikiwa tayari imepinduka, watu wamenasa ndani. Lililoipindua lilikuwa limetangulia. Wapo pia wanaotaja idadi kamili ya waliokufa kana kwamba walihesabiwa. Meli iliruhusiwa kubeba abiria 430, na abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Kwa hiyo mamia walikufa, na hesabu kamili anaijua Allah.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101; waliokufa pekee walikuwa 228. Siku mbili baadaye mtu mmoja alitolewa humo akiwa hai. Basi wale wepesi wa kusema "hakuna tena wa kuokolewa" nao wajifunze.

Ndugu wasomaji, Qur'ani inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yatosha mtu kuwa na dhambi akisimulia kila analolisikia. Sisi tulisimulia, na neno letu likamchoma mjane. Tunamwomba Allah msamaha, na mama yule tunamwomba radhi.

Kisa kile kina madhara mengine. Anayeamini kwamba chombo huzamishwa na majigambo tu, hataihesabu mizigo. Kadari ni haki, lakini Mtume alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Kwa hiyo, mama unayevuka kwenda Mfangano na wanao, au unayesafirisha omena kwenda sokoni, uliza chombo kimeruhusiwa watu wangapi. Mtoto avalishwe jaketi la kujiokolea kabla ya chombo kung'oa, na likae mwilini, wala lisifanywe mto wa kukalia. Chombo kikijaa, shuka, hata kama nauli umekwisha kulipa. Hakuna soko lenye thamani ya roho.

Na wewe mama wa Mbita, jibu lako ni hili. Waambie watoto kwamba Mtume wetu (s.a.w.) amemtaja aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Baba yao alitoka kutafuta riziki ya halali, na hakuna mwenye haki ya kumtungia dhambi. Wamwombee dua bila ya kuinamisha nyuso.

Allah awarehemu wote waliozama, na awalinde walio majini. Amin.

Wabillahi tawfiq.